Maumivu Yakiisha, Kano Bado Haijapona

Mwaka juzi, usiku mmoja, nilipigiwa simu na mdogo wangu ambaye wakati huo alikuwa kuruta katika mafunzo ya polisi. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayejificha. Baada ya kusalimiana akasema:

"Kaka, niliteguka mguu jana. Umevimba hata kiatu hakiingii. Wenzangu wamenikanda kwa maji ya moto na kunichua, na sasa umezidi."

"Umemwarifu afande wako?"

"Bado, kaka. Kesho kutwa tuna matembezi marefu ya kubeba mizigo. Nikisema naumwa nitahesabiwa mvivu. Naona nikivumilia siku tatu au nne maumivu yatakwisha, nami nitakuwa nimepona."

Maneno hayo ya mwisho yaliniondolea usingizi, maana ndiyo niliyoyasema mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikicheza mpira. Nikachuliwa, nikapumzika siku nne, maumivu yakapungua, nikarudi uwanjani. Juma lililofuata nikateguka tena mahali pale pale. Hata leo, nikiwa mtumishi wa ofisini ambaye kazi yangu kubwa ni kupanda ngazi na kushuka, mguu huo hunisaliti kila nikanyagapo jiwe.

Askari huishi kwa miguu yake. Na jamaa zake, mke na watoto, huishi kwa miguu hiyo hiyo. Kwa hiyo yafaa tufahamu ni kitu gani kinachoushika mwili wetu usitawanyike, kinafanya kazi gani, na kwa nini kikikatika hupona kwa taratibu zake chenyewe, wala si kwa haraka zetu.

UKOO MMOJA WENYE SURA NYINGI

Mwili wa binadamu umejengwa kwa namna nne za tishu, yaani mafungu ya chembe hai zinazoshirikiana katika kazi moja. Namna ya kwanza ni ya kufunika, kama ngozi ya juu na utando wa ndani ya tumbo. Ya pili ni misuli, ambayo hujikunja na kukunjuka ili tupate kwenda. Ya tatu ni neva, zinazopeleka habari na amri. Ya nne huitwa tishu unganishi, nayo ndiyo inayozifunga zile tatu pamoja na kuiweka kila moja mahali pake.

Tishu unganishi ni ukoo mkubwa. Ndani yake mna kano, ambazo watu wengi huziita mishipa. Zipo kano zinazofunga msuli kwenye mfupa, na zipo zinazofunga mfupa kwa mfupa penye kiungo. Mna gegedu, kile kitu kigumu kinachopindika katika sikio na ncha ya pua, ambacho pia huvika vichwa vya mifupa ili isisagane. Mna mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mna tando nyeupe nyembamba ambazo mama wa nyumbani huziona kila akatapo nyama ya mbuzi. Mna mifupa yenyewe. Hata damu, ijapokuwa ni maji maji, wataalamu huihesabu katika ukoo huo.

Je, vitu vilivyo mbali namna hiyo vinafanana kwa lipi? Katika tishu nyingine chembe husongamana bega kwa bega kama askari katika gwaride. Katika tishu unganishi, kwa kawaida, chembe hukaa mbalimbali, na nafasi iliyo baina yao imejaa vitu vingine. Katika damu vitu hivyo ni maji; katika gegedu ni kama mpira mgumu; katika mfupa vimekuwa imara kama jiwe. Nguvu ya tishu hii imo zaidi katika vile vilivyo baina ya chembe kuliko katika chembe zenyewe.

KAMBA, UDONGO NA MAFUNDI

Chukua mfano wa nyumba ya miti na udongo. Kuna fito zilizofungwa kwa kamba, kuna udongo wa kukandika, na kuna mafundi. Tishu unganishi imejengwa vivyo hivyo.

Kamba iliyo muhimu kupita zote huitwa kolajeni. Hii ni protini, nayo ni karibu theluthi moja ya protini yote iliyomo mwilini. Kila uzi wake umefanywa kwa nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, sawasawa na asokotavyo fundi wa kamba. Nyuzi hizo hufungwa matita, na matita hufungwa tena matita makubwa zaidi, hata ikapatikana kano. Kano ya kisigino, ambayo ni nene kupita kano zote za mwili, hustahimili nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mtu anapokimbia.

Kamba ya pili ni elastini, ambayo hunyumbuka. Finya kidogo ngozi ya nyuma ya mkono wa mtoto kisha uiachie: itarudi mara moja. Mwombe bibi yako naye akuruhusu kufanya hivyo: ngozi yake itarudi pole pole, kwa kuwa elastini yake imechakaa. Kuta za mishipa mikubwa ya damu nazo zina elastini nyingi, ndiyo maana hutanuka na kurudi kila moyo upigapo. Kamba ya tatu ni nyuzi nyembamba zilizosukwa kama wavu ndani ya ini, wengu na uboho wa mifupa, ili chembe za huko zipate mahali pa kushikilia.

Udongo wa nyumba hii ni uteute mzito unaoshika maji. Huo hujaza nafasi, hupunguza kishindo, na kupitia ndani yake chakula hutoka katika damu kwenda kwenye chembe. Mafundi nao ni chembe ziitwazo fibroblasti. Hizo ndizo zinazotengeneza kamba na uteute, na nyumba ikibomoka ndizo zinazoitwa kuijenga upya. Pamoja nao wako walinzi, yaani chembe zinazomeza vijidudu na takataka.

MAJARIBIO MAWILI YA JIKONI

Kama wasadiki kwa kuona, mambo haya waweza kuyaona nyumbani kwako. Pika supu ya kwato za ng'ombe, ile tuiitayo mulokoni hapa Uganda na ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita makongoro. Baada ya saa nyingi motoni, zile kano ngumu hulainika. Iache supu ipoe usiku kucha mahali penye baridi, na asubuhi utaikuta imeganda ikitikisika. Kitu kilichogandisha ni kolajeni ambayo moto umeifumua nyuzi zake zilizosokotwa.

Hapa pana jambo la kusahihisha. Watu wengi husema kwamba anywaye supu hiyo hupata kano mpya moja kwa moja. Sivyo. Tumbo huivunja kolajeni ile vipande vidogo vidogo kama livunjavyo protini nyingine, nao mwili huvitumia vipande hivyo popote upendapo. Supu ni chakula chema, lakini haiendi kifundoni kwa amri ya mpishi.

Jaribio la pili, chukua mfupa mwembamba wa kuku, uoshe, uutie katika siki kwa siku kadhaa. Utaona kwamba mfupa unapindika bila kuvunjika. Siki imeondoa madini ya chokaa, na kilichobaki ni kolajeni. Kisha chukua mfupa mwingine uutie motoni hata uwe mweupe. Umbo lake litabaki, lakini ukiubonyeza utasagika, maana moto umeteketeza kolajeni. Mfupa mzima wahitaji vyote viwili: madini ili uwe mgumu, na kamba ili usivunjike ovyo.

KAZI ZAKE KATIKA MWILI

Kazi ya kwanza ya tishu unganishi ni kufunga na kushika. Bila kano, msuli ungejikunja bure wala mfupa usingesogea. Ya pili ni kutegemeza: mifupa husimamisha mwili, na gegedu huishika njia ya pumzi iwe wazi. Ya tatu ni kuweka akiba, kwa kuwa mafuta huhifadhi nguvu na mifupa huhifadhi chokaa. Ya nne ni kuchukua na kupeleka, kazi ya damu. Ya tano ni ulinzi, kama tulivyosema juu ya zile chembe zinazomeza vijidudu. Ya sita ni kutengeneza kilichoharibika, na juu ya hiyo ndipo makosa yetu mengi yanapotokea.

KWA NINI KANO HUCHELEWA

Upande wa nje wa kifundo cha mguu mna kano tatu za kiungo. Mtu akanyagapo vibaya, wayo ukageukia ndani, kano ya mbele ndiyo kwa kawaida huumia kwanza. Pengine hunyooshwa kupita kiasi, pengine hukatika nusu, pengine hukatika kabisa. Hayo yote sisi twayaita kwa jina moja, kuteguka.

Itazame kano ya mbuzi buchani: ni nyeupe. Weupe huo ni kolajeni iliyosongamana, na mishipa ya damu iliyopita humo ni michache. Lakini damu ndiyo ichukuayo chakula na vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo pahali penye damu chache ujenzi huwa wa pole pole. Gegedu ina taabu zaidi, maana haina mishipa ya damu kabisa, na ikichakaa hupona kwa shida sana.

Siku za kwanza kiungo huvimba, huwa na joto na huuma. Walinzi wanasafisha uwanja. Kadiri juma la kwanza liendavyo, mafundi hufika na kuanza kusokota kamba mpya. Nao huendelea hivyo kwa majuma sita hivi. Kamba hizo za mwanzo ni nyembamba, tena zimelala ovyo kama nyasi zilizomwagwa. Baadaye hubadilishwa kwa kamba nene zaidi, ambazo hupangwa kufuata upande wa mvuto. Kazi hiyo ya kupanga huweza kuchukua mwaka mmoja na zaidi.

Sasa linganisha na maumivu. Mara nyingi maumivu hupungua katika juma moja au mawili, uvimbe ukashuka, kiatu kikaingia. Askari husema, "Nimepona." Kumbe wakati huo ndipo kamba zake zilipo nyembamba, bado hazijapangwa. Akiruka handaki na mzigo mgongoni, hukata kile ambacho mafundi wamekijenga.

Tena kano hufanya kazi nyingine ambayo haionekani. Ndani yake mna ncha za neva zinazopeleka habari ubongoni kwamba mguu umekaa namna gani. Kano ikikatika, habari hizo hupungua, na mtu hukanyaga vibaya kabla ya kujua. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya mtu aliyeteguka mara moja kuteguka tena na tena.

KOVU LA ASKARI MZEE

Watu hudhani kwamba kovu likisha kufunga, jambo limekwisha. Kuna kisa cha kweli kinachotufundisha kinyume chake. Kati ya mwaka 1740 na 1744 jemadari wa bahari wa Uingereza, George Anson, alizunguka dunia kwa merikebu. Mabaharia wake walikaa muda mrefu bila matunda wala mboga, wakashikwa na kiseyeye: ufizi ukavuja damu, miguu ikavimba, watu wengi mno wakafa. Miongoni mwao alikuwamo askari mzee aliyejeruhiwa zaidi ya miaka 50 kabla ya hapo, katika vita vya mto Boyne huko Ireland mwaka 1690. Majeraha yake, yaliyokuwa yamepona tangu ujana wake, yalifunguka tena kana kwamba hayakupata kupona kamwe. Hata mfupa wake uliovunjika zamani ukaachana pale ulipokuwa umeungana.

Sababu yake sasa yajulikana. Kolajeni haikai milele. Mwili huivunja na kuisokota upya daima, hata ndani ya kovu la zamani. Na ili isokotwe ikashika, yahitajiwa vitamini C. Ikikosekana, nyuzi zile tatu hazishikani barabara, na kamba hufumuka.

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki nayo iliyashuhudia mambo hayo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Januari mwaka 1499, akirudi kutoka Bara Hindi baada ya siku karibu 90 baharini, watu wake wapatao 30 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo katika safari ile. Jambo moja waliloliomba mjini ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Wakapewa, lakini kwa wengi ilikuwa kuchelewa, wakafa pale pale. Mnamo mwaka 1747 tabibu wa merikebu, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, akawapa kila wawili dawa yao. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao wote.

Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini C katika miili yao. Binadamu hawezi. Ni lazima aile, na posho kavu na maharage makavu, ambavyo ndivyo chakula cha kila siku cha kambi nyingi, vina kiasi kidogo mno, au havina kabisa. Basi mama wa nyumbani na mpishi wa kambi wakumbuke mapera, ambayo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na mapapai, maembe, machungwa, nyanya, kabichi, sukuma wiki na dodo. Mboga zisichemshwe hata zikapoteza rangi, maana moto mwingi huiharibu vitamini hiyo, na maji yaliyochemshiwa yasimwagwe. Mvuta sigara naye ajue kwamba yeye huhitaji vitamini C zaidi ya mwenzake, na kwamba moshi huchelewesha kupona kwa majeraha.

Neno moja kwa wazazi. Kovu jipya hujivuta, kwa sababu mafundi wake hukaza kamba ili kufunga jeraha. Mtoto akiungua kwa uji penye goti au kiwiko, akaachwa apone mguu au mkono ukiwa umekunjwa, kovu laweza kukishika kiungo kisinyooke tena. Mpelekeni hospitali mapema, na waulizeni wauguzi jinsi ya kukinyoosha kiungo wakati wa kupona.

YA KUFANYA MGUU UKITEGUKA

Siku mbili au tatu za kwanza, uache kuulazimisha mguu. Weka kitu cha baridi, barafu iliyofungwa katika kitambaa au maji baridi katika beseni, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu isigusane na ngozi. Funga bendeji iliyokaza kiasi, lakini vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, ilegeze mara moja. Lala na mguu juu ya mito, uwe juu kuliko moyo.

Siku hizo usikandwe kwa maji ya moto, usichuliwe, usivutwe kiungo, wala usinywe pombe. Hayo huzidisha uvimbe na damu iliyovilia.

Nenda kwa daktari bila kukawia kama huwezi kupiga hatua nne, kama mfupa wenyewe wauma ukiguswa, kama mguu umepinda, au kama una ganzi. Huenda mfupa umevunjika, na ni picha ya eksirei itakayoonyesha.

Siku hizo zikiisha, usikae tu kitandani. Kamba mpya hupangika vizuri zikivutwa kidogo kidogo. Anza kuuzungusha wayo, kisha tembea kadiri uwezavyo kuvumilia. Baadaye jizoeze kusimama kwa mguu ule mmoja, karibu na ukuta, ili neva zijifunze tena kazi yao. Usikimbie wala kubeba mzigo mzito mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mmoja pasipo maumivu wala kuyumba, sawasawa na ule mzima. Kwa mtu aliyeumia kidogo hayo huchukua majuma machache. Kwa aliyekatika kano huchukua miezi.

Na ninyi maafande mnaosoma ukurasa huu, mwenye kuteguka akija kuarifu siku ile ile, msimdhanie mtoro. Yeye anailinda nguvu ya kikosi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilimweleza mdogo wangu mambo haya usiku ule, nikamsihi asubuhi aende kwa afande wake. Alikwenda kwa shingo upande. Tabibu alikuta kano ya mbele imekatika nusu, akamwondoa katika matembezi na katika kwata kwa majuma mengi. Wenzake walimaliza mafunzo, yeye akabaki nyuma kungoja kundi lililofuata, na kwa muda alininunia. Mwaka huu ametumwa kazi ya doria mahali penye milima na mawe. Mwezi uliopita alinipigia simu tena, safari hii kwa sauti ya kawaida, akaniuliza mguu wangu unaendeleaje. Nikamwambia ukweli: uko vile vile.